Uwindaji wa Bata Mzinga wa Porini Mwishoni mwa Majira ya Kuchipua

Uwindaji wa bata mzinga wa porini mwishoni mwa majira ya kuchipua hufanyika Amerika Kaskazini, katika wiki za mwisho za msimu halali, wakati majike wengi wamekwisha kuanza kuatamia. Kinachowindwa hasa ni dume. Tarehe hufuata jimbo na hali ya hewa. Kusini mwa Florida msimu hufunguliwa mapema Machi na kwisha Aprili. Pennsylvania na New York wiki hizo huangukia nusu ya pili ya Mei. Maine huingia hadi siku za kwanza za Juni. Kufikia hapo wawindaji wengi wamekwisha kuweka bunduki kabatini, kwa sababu majani yamefunga msitu, kupe na mbu wameongezeka, na madume hawalii tena kama walivyolia mwanzoni. Kipindi hiki hudharauliwa isivyo haki. Anayejua kinachoendelea kiotani atakiona kuwa ndicho kinachofundisha zaidi tabia za ndege huyu, na ndicho ambacho dume akiuawa, kizazi kijacho hupoteza kidogo kuliko wakati mwingine wowote wa msimu.

Bata mzinga wa porini, Meleagris gallopavo, ni wa familia moja na kuku na kwale. Wale wanaofugwa Afrika Mashariki ni uzao wa ndege waliofugwa Meksiko tangu kale, kisha wakapelekwa Ulaya na Wahispania katika karne ya 16. Wa porini ni mwembamba kuliko ndugu yake wa bandani, hukimbia kwa kasi, huruka kwa nguvu, na usiku hulala juu ya miti mirefu. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 7 hadi 11. Kichwa chake hakina manyoya, na rangi yake hugeuka kuwa nyekundu, nyeupe au buluu kadiri anavyosisimka. Kifuani huning'inia ndevu za manyoya magumu yanayofanana na nywele. Mguuni ana kipi, ambacho kwa dume wa mwaka mmoja ni kinundu tu, na kwa mzee wa miaka mitatu au zaidi huweza kupita sentimita 2.5. Baadhi ya majike nao huota ndevu, kwa hiyo mwindaji makini hatazami ndevu peke yake. Hutazama kichwa, ukubwa wa mwili na weusi wa manyoya ya kifua.

Hapana hisi ya ndege huyu inayomsumbua mwindaji kuliko jicho. Macho yamekaa pembeni mwa kichwa, huona rangi vizuri, na mgeuzo mdogo wa shingo humpa picha ya pande zote. Sikio nalo ni kali na hutambua sauti ilikotoka kwa usahihi wa kushangaza. Kunusa hakumsaidii sana, na ndiyo maana mwindaji wa bata mzinga hajali upepo unavuma kutoka wapi kama anavyojali mwindaji wa swala.

Kiota ndicho saa ya msimu

Majira ya baridi bata mzinga hukaa makundi makubwa, madume mbali na majike. Siku zikirefuka makundi huvunjika, na madume huanza kulia alfajiri wakiwa bado juu ya miti, mlio mkubwa wa kooni unaosikika mbali. Wakishuka hujitutumua: mkia hutandazwa, mabawa huburuzwa chini, na kifuani hutoka mvumo mzito ambao mtu huusikia akiwa karibu tu. Dume mmoja hupanda majike kadhaa na hashiriki malezi kabisa. Siku hizi za mwanzo ndizo ngumu kwa mwindaji, kinyume na wanavyodhani wengi. Dume mkubwa amezungukwa na majike halisi, na hana sababu ya kuacha aliyemwona kwa ajili ya sauti asiyoiona mwenyewe.

Jike hutaga yai moja kwa siku, au karibu hivyo, mpaka afikishe mayai 10 hadi 12 katika shimo dogo ardhini, chini ya kichaka au kando ya gogo lililoanguka. Katika siku za kutaga bado hukutana na dume asubuhi, kisha humtoroka kwenda kiotani. Akimaliza kutaga huatamia kwa takriban siku 28, na hutoka kwa muda mfupi tu kula na kunywa. Hapo ndipo msimu hugeuka. Dume aliyekuwa na majike watano anajikuta na mmoja, kisha hana hata mmoja, ilhali hamu ya kupanda haijamwisha. Mlio wake unaweza kurudi kwa nguvu, hasa kati ya saa tatu na saa sita mchana, pale jike wa mwisho aliyekuwa naye anapokwenda zake. Huku kupanda mara ya pili kwa milio ndiko wawindaji wa mwisho wa msimu wanakokusubiri.

Kipindi hicho hurefushwa na misiba ya viota. Rakuni, skanki, nyoka na kunguru hula mayai, na viota vingi haviangui kabisa. Jike aliyepoteza mayai mapema huweza kurudi kwa dume na kutaga tena, kwa hiyo hata mwisho wa Mei mlio wa jike anayetafuta dume si jambo geni msituni, na dume anayeusikia ana sababu ya kuuamini.

Dume huyo pia si yule wa Aprili. Mwanzoni mwa msimu alikuwa na tabaka nene la mafuta kifuani, akiba iliyomwezesha kujitutumua kutwa nzima bila kula sana. Mwishoni akiba hiyo imekwisha, uzito umepungua, na ncha za manyoya ya mabawa zimelika kwa kuburuzwa. Sasa anahitaji chakula: panzi, mbegu za nyasi, majani ya klova, matunda ya chini. Anayemtafuta huanzia mashambani na kwenye maeneo ya wazi, na kwenye udongo mkavu ambako ndege huoga vumbi. Baada ya mvua maeneo ya wazi hupendwa zaidi, kwani matone yanayodondoka majanini huwazuia ndege kusikia adui akija.

Namna ya kuwinda

Mwindaji huketi chini, mgongo ukiwa umeegemea mti mpana kuliko mabega yake, akiwa amevaa nguo za mabaka kuanzia kichwani hadi kwenye viganja, na humwita dume kwa sauti ya jike. Vyombo vya kuitia ni vingi. Kijisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachosuguliwa ukingoni kilipewa hataza ya Henry Gibson wa Arkansas mwaka 1897, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Kuna kibao cha jiwe kinachochanwa kwa kijiti, kuna kipande cha mpira kinachowekwa kwenye kaakaa, na kuna filimbi ya mifupa ya bawa la ndege mwenyewe, ambayo wenyeji wa bara hilo waliitumia kabla ya Wazungu kufika. Ili kujua dume alipo bila kumwita, wawindaji huiga mlio wa bundi au kunguru. Dume hujibu kwa mshtuko, pasipo kukusudia.

Mwishoni mwa msimu chombo hutumika kidogo. Dume aliyebaki hai amesikia milio ya bandia kwa wiki kadhaa, na pengine amemwona mwenzake akianguka mbele ya mlio kama huo. Watafiti waliotega vinasa sauti misituni Carolina Kusini, akiwemo Michael Chamberlain wa Chuo Kikuu cha Georgia, waliona kuwa madume hupunguza kulia uwindaji ukishaanza, tofauti na mahali pasipowindwa. Kwa hiyo miito michache ya upole, kisha kimya kirefu, hufaa kuliko kelele. Dume huyo mara nyingi huja bila kutoa sauti yoyote, akitembea hatua mbili na kusimama, na anayeinuka baada ya nusu saa akidhani hakuna kitu humfukuza ndege aliyekuwa nyuma ya kichaka. Vivyo hivyo kwa ndege bandia: sanamu ya jike mmoja inatosha. Sanamu ya dume aliyejitutumua, ambayo humchokoza mbabe mwezi Aprili, sasa inaweza kumtimua dume aliyechoka kupigwa na wenzake.

Majani mapya hubadilisha kila kitu. Humficha mwindaji, na humruhusu kusogea karibu kuliko alivyoweza miti ilipokuwa mitupu. Lakini humeza sauti pia. Mlio unaoonekana kutoka mbali sana huenda uko karibu mno, na wengi wamesimama ili wasogee mbele, kumbe ndege alikuwa tayari anawatazama. Bunduki ni ya marisau, aghalabu ya geji 12 au 20, mdomo wa mtutu ukiwa umebanwa ili risasi zisitawanyike, na hulengwa shingo na kichwa. Yadi 40, yaani takriban mita 37, ndio umbali ambao kwa miaka mingi wawindaji wamefundishana kutouvuka. Marisau ya tungsteni yameongeza uwezo huo, ila katika msitu uliofunga majani umbali wa kuona wenyewe huwa mfupi zaidi.

Majani hayohayo ndiyo hatari. Mtu anayeiga jike kwa ustadi, amejificha, hawezi kujua ni nani mwingine anayeinyemelea sauti yake. Kwa sababu hiyo nguo nyekundu, nyeupe au buluu hazivaliwi, kwa kuwa ndizo rangi za kichwa cha dume, na Pennsylvania hairuhusu kuwinda msimu huu kwa kunyemelea. Ndege sharti aitwe. Anayemwona mwindaji mwenzake hapungi mkono, bali husema kwa sauti ya kawaida ya binadamu. Kupe nao si wa kupuuzwa. Wadogo wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, wasioonekana kwa urahisi, huzidi Mei na Juni, na ukaguzi wa mwili kila jioni ni sehemu ya kazi. Joto nalo hudai haraka: ndege hutolewa matumbo mara moja na kupozwa, la sivyo nyama huharibika kabla ya kufika nyumbani.

Sheria na mjadala

Ndege huyu nusura aangamizwe. Massachusetts alikwisha kabisa katikati ya karne ya 19, na kufikia miaka ya 1930 waliobaki Marekani walikuwa sehemu ndogo mno ya mamilioni ya kale. Sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 ilielekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye hifadhi ya wanyamapori. Nyavu zinazorushwa kwa mizinga, zilizoanza kutumika Carolina Kusini mwaka 1951, ziliwezesha kukamata makundi ya porini na kuyahamishia misitu mitupu. Missouri ilifungua msimu wake wa kwanza wa zama hizi mwaka 1960, siku tatu tu, wakapatikana ndege 94.

Msimu wa kuchipua hujengwa juu ya hoja kwamba dume aliyekwisha kupanda hahitajiki kiotani. Hoja hiyo haina nguvu sawa siku zote: ina walakini siku za mwanzo, mayai yakiwa bado hayajatagwa, na huimarika kila wiki inayopita. Majike nao hulindwa: New York humaliza uwindaji saa sita mchana, ili majike wanaotoka kula wasisumbuliwe. Pennsylvania nayo hufuata saa hiyo mpaka katikati ya Mei, kisha huruhusu kutwa nzima, kwa kuwa jike aliyeatamia muda mrefu haachi kiota kwa urahisi.

Idadi ya ndege ilipoanza kushuka kusini mashariki, majimbo yalisogeza mbele tarehe za ufunguzi. Alabama ilifanya hivyo mwaka 2022, ikapiga marufuku ndege bandia katika siku 10 za kwanza. Tennessee ilichelewesha wiki mbili mwaka 2023. Matokeo hayajawafurahisha wote. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee, uliolinganisha maeneo yaliyochelewesha na yasiyochelewesha, haukuona majike wakiangua zaidi kwa sababu ya wiki hizo mbili. Wanasayansi wengi wameelekeza macho kwenye ardhi yenyewe: nyasi na vichaka vya kufichia kiota, moto wa kudhibitiwa unaovichipusha upya, na malisho yenye wadudu kwa vifaranga, ambao kwa takriban wiki mbili za mwanzo hawawezi kuruka na hulala chini ya mabawa ya mama yao.