Mtumiaji Amekosea, au Sisi?

Leo tuzungumzie jambo ambalo sisi waandishi wa programu hulipuuza: skrini, vitufe na maneno anayokutana nayo mtumiaji.

Naanza na aibu yangu. Duka moja la mbegu na mbolea huko Kitale lilinipa kazi ya kuunda programu ya mauzo. Kitufe cha "Futa" nilikiweka ubavuni mwa "Hifadhi", rangi moja, ukubwa mmoja. Siku ya tatu mama wa kaunta akanipigia simu: "Kijana wangu, mashine yako imemeza kazi ya kutwa." Nilipofika kesho yake, alikuwa amerudia daftari lake.

Nilitaka kusema amekosea. Lakini mama huyo huyo hutuma M-Pesa kila siku, wala hakusomea popote. Kwa nini ile imeshinda yangu? Tuangalie historia.

Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika. Vodafone na Safaricom walitaka wakopaji wa Faulu Kenya walipe mikopo kwa simu. Watu wakaigeuza: wakatumiana pesa wao kwa wao. Wabunifu hawakuwakemea, waliwatazama. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, jambo kuu lilikuwa kutuma pesa nyumbani. Menyu ilikaa ndani ya kadi ya simu, hivyo hata simu ya bei ya chini iliweza. Iliuliza jambo moja moja: nambari, kiasi, nambari ya siri. Kisha ujumbe ukafika kwa mtumaji na kwa mpokeaji.

Hapo pana kanuni mbili: punguza hatua, na mwonyeshe mtu kilichotokea. Ya tatu ni kuzuia kosa kabla halijatokea. Zote zimo katika fikra za Jakob Nielsen wa Denmark, aliyetoa kanuni zake 10 mwaka 1994. Hiyo ya tatu iliichelewa hata M-Pesa. Jina la mpokeaji ulilisoma pesa zikiwa zimekwisha kwenda, mpaka Hakikisha ilipokuja mwaka 2015 na kulionyesha mapema.

Nami nilikihamisha kile kitufe. Sasa programu huuliza kwanza, na kilichofutwa hurudishwa. Kisha nikakaa kando ya kaunta siku nzima nikimtazama mama akiuza, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Daftari bado analo.