Vihenge vya Ubena, 1905

Anayetoka Njombe kwenda Matembwe, upande wa Lupembe, hupita kwenye chai na miti ya mbao, na baridi humwingia hata mchana. Kwa ukijani huu, ni vigumu kuamini kwamba hapa watu waliwahi kufa njaa. Walikufa, tena kwa wingi, enzi za Mjerumani, na kosa halikuwa la udongo wala la mvua.

Vita ambavyo vitabu huviita Maji Maji, Njombe vinakumbukwa kama vita vya Korosani. Ndivyo Wabena, wenyeji wa Njombe, walivyolitamka jina la Paul Gröschel, mmisionari wa Berlin aliyekaa Yakobi, karibu na mji wa Njombe. Septemba 1905 mtwa, yaani chifu, Mbeyela na watu wake waliivamia misheni ile, wakarudishwa nyuma kwa risasi. Walioanguka siku hiyo wangeweza kuhesabiwa. Waliokufa baadaye hakuna aliyewahesabu.

Tazama majira yenyewe. Mvua ya Ubena huanza kuelekea mwisho wa mwaka. Septemba na Oktoba watu hutayarisha mashamba, na wanachokula ni kile kilichomo kihengeni. Wazee wa enzi hizo walitegemea ulezi, nafaka ndogo isiyobunguliwa kirahisi, inayokaa miaka bila kuharibika. Kihenge kilikuwa chakula cha mwaka huo, akiba ya mwaka mbaya, na mbegu ya mwaka unaofuata, vyote mahali pamoja. Kapteni Wangenheim wa jeshi la Kijerumani alilijua hilo. Mwaka huo wa 1905 alimshauri gavana von Götzen kwamba mapigano peke yake hayatatosha. Njaa ndiyo itakayowatiisha watu. Basi askari wakachoma vihenge, wakaswaga ng'ombe na mbuzi, na waliokimbilia misituni hawakuthubutu kurudi kulima mvua iliponyesha. Naomba asiwepo wa kuliita jambo hili ukame.

Kwa eneo zima la vita, serikali ya Kijerumani ilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa, pamoja na maradhi yaliyoukuta mwili hauna nguvu ya kupigana nayo.

Waliosalia hawakupata hata miaka kumi ya kupumua. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalipanda kutoka Nyasaland yakaingia Njombe, na Novemba kukapiganwa Lupembe kwenyewe. Pande zote mbili, Waingereza na Wajerumani, zilikula kwenye kihenge cha mkulima yuleyule, kisha zikamchukua yeye mwenyewe kubeba mizigo. Mtu aliyezaliwa kwenye baridi hii alishushwa bonde la Kilombero, kwenye malaria ambayo mwili wake haukuizoea, akalala mvuani, akala unga usioiva, akashikwa na kuhara damu. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi waliorekodiwa kufa walizidi 40,000. Na vita vilipoisha, 1918, ikaja homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima.

Baadaye vijana wa Ubena wakaenda manamba kwenye mkonge wa Tanga, wakateremka tena kwenye joto na mbu. Safari hii hapakuchomwa kihenge. Walikwenda kutafuta fedha ya kodi.