Dada Anayetawazwa Pamoja na Kabaka
Ronald Muwenda Mutebi II alipotawazwa Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda nchini Uganda huko Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai 1993, hakuwa na mke. Angemuoa Sylvia Nagginda miaka sita baadaye katika Kanisa Kuu la Namirembe. Hata hivyo, kimila hapakuwa na pengo: dada yake, Nnalinya Dorothy Nassolo, alitawazwa pamoja naye kuwa Lubuga.

Zamani Buganda ilikuwa na watu watatu walioitwa kabaka: mfalme, mama yake aliye Namasole, na Lubuga, dada wa baba mmoja na mama mwingine. Lubuga alikuwa na boma lake, mashamba yake, machifu wake, hata katikkiro wake, yaani waziri mkuu. Heshima hiyo haikuja bure, kwani mabinti wa mfalme walikatazwa kuolewa na kuzaa. Wivu wa kiti cha enzi ndio uliowafunga, nami naona ulikuwa ukatili.

Clara Nalumansi, binti wa Muteesa I na dada wa Mwanga II, aliukataa ukatili huo waziwazi. Mwaka 1886, mwaka uleule Wakristo walipochomwa moto Namugongo, alibatizwa, kisha akaolewa. Alipopewa kaburi la Kabaka Jjunju alitunze, kazi ambayo kwa desturi ni ya mabinti wa mfalme, alizitupilia mbali hirizi alizozikuta humo. Ujasiri wake ungestahili kusimuliwa pamoja na ule wa mashahidi wa Namugongo.

Kazi ya kutunza makaburi ingalipo. Kasubi, walikolazwa makabaka wanne tangu Muteesa I alipofariki mwaka 1884, mlezi wake ni binti wa mfalme mwenye cheo cha Nnalinya. Moto wa tarehe 16 Machi 2010 uliteketeza nyumba kuu, lakini cheo chake hakikuungua.

Wala si mambo ya ikulu tu. Katika lumbe, sherehe ya kumsimika mrithi wa marehemu, la Muganda wa kawaida, mrithi huvishwa gome la mti wa mutuba na kukabidhiwa mkuki, na ubavuni mwake husimama dada aliyeteuliwa, naye pia huitwa lubuga. Watoto wa kaka zake humwita ssenga, yaani shangazi na mshauri wao, na siku ya kwanjula, sherehe ya utambulisho, ndiye anayemtambulisha mchumba mbele ya wazee. Siku hizi Kampala ina ssenga wa redioni na wa kulipwa, na wengi hushauri vizuri. Lakini mrithi akitawanya mali ya marehemu, wao hawana kikao cha ukoo cha kumkemea, lubuga anacho.