Kisichoibika: Sheria ya Unyang'anyi na Ardhi ya Sanya

Kiswahili hutenga baina ya kuiba na kunyang'anya. Mwizi huvizia, mnyang'anyi humkabili mwenye mali uso kwa uso. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, Sura ya 16, ilitenga vivyo hivyo: unyang'anyi ni wizi ulioandamana na nguvu, au tishio la nguvu, ili mali ipatikane au isirejee kwa mwenyewe.

Apandaye kutoka Boma Ng'ombe kwenda Sanya Juu huuona kushotoni uwanda mkavu uliotanda baina ya Kilimanjaro na Meru. Jaji Mark Wilson, katika ripoti yake ya 1947, alipendekeza ukanda huo wa Sanya uwe wa walowezi wa Kizungu peke yao. Wameru wa Ngare Nanyuki walikuwamo ndani yake. Novemba 1951 askari wakafika, nyumba zikatiwa moto, na watu wapatao 3,000 wakaondoshwa kupelekwa Kingori, penye joto na maradhi ya mifugo.

Nguvu ilitumika, na waliopoteza walijulikana. Mbona hakushitakiwa mtu? Kando ya amri za serikali, sheria ile ile ilikuwa na kifungu ambacho wachache hukisoma: kitu kisicho na uhai huibika pale tu kinapoweza kuhamishwa. Ng'ombe huibika, na mlango uking'olewa bawabani huibika. Ardhi haihamishiki, kwa hiyo haiibiki. Na kisichoibika, mbele ya hakimu, hakinyang'anyiki. Wameru, ambao ndio waliohamishwa, walipaswa kulikubali hilo!

Hawakulikubali. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York pamoja na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, wakasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Baraza lilieleza masikitiko. Ardhi haikurudishwa.

Baada ya uhuru adhabu za unyang'anyi zilizidi ukali. Kwa marekebisho ya 1989 unyang'anyi ulipewa kifungo kisichopungua miaka 15, na ule wa kutumia silaha miaka 30. Mwaka 2004 huo wa silaha ukawekewa kifungu chake wenyewe, 287A, kwa miaka ile ile 30. Kifungu kisemacho kipi huibika na kipi hakiibiki hakikuguswa.