Mabao Matatu ya Lagos

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, mnakumbuka Machi 1980? Huku Kigoma tuliizunguka redio kama waota moto. Taifa Stars ilikuwa Lagos, katika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza. Juma Mkambi alifunga tulipopigwa 3–1 na Nigeria. Thuwein Ally akafunga tuliposhindwa 2–1 na Misri, akafunga tena tulipotoka 1–1 na Ivory Coast.

Bao hilo la mwisho lilingoja mwenzake miaka 39, hadi Simon Msuva alipoifunga Kenya mwaka 2019.

Juzi mwanafunzi mmoja wa Ujiji alinitajia wachezaji wa Ulaya hadi wa akiba, lakini Thuwein hakumjua. Kosa si lake. Sisi wazee hatukumsimulia.