Nani ana haki ya kumaliza mgomo? Kutoka uwanja wa mpira wa 1941 hadi kifungu cha 39



Kila mara walimu ao madaktari wanapoacha kazi, swali lile lile linarudi: serikali inangojea nini kumaliza huu mgomo? Mimi nimesoma historia, njo maana swali langu ni lingine: juu ya nini tunafikiri kwamba kumaliza mgomo ni kazi ya serikali?

Turudi Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, desemba 1941. Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu mwaka uliotangulia, na shaba ya Katanga ilikuwa inaenda kusaidia vita ya Waingereza. Kazi iliongezeka, bei ya vitu ikapanda, mshahara wa mtu mweusi ukabaki nyuma. Wafanyakazi Wazungu wa Union Minière walikuwa wamekwisha kujipanga na kudai nyongeza. Weusi wakauliza: na sisi je? Lakini wao hawakuwa na ruhusa ya kuunda sendika. Wakaacha kazi.

Tarehe 9 desemba walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alikuja na askari. Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa, na askari wakapiga risasi katikati ya watu. Hesabu ya wakubwa ilitaja makumi ya wafu. Hesabu zingine zinapita mia.

Angalieni vizuri: ile siku, yule aliyekuwa anahitaji shaba itoke ndiye aliyeamua mgomo uishe. Hapakuwa na mtu wa katikati. Novemba 1945, wafanyakazi wa bandari ya Matadi walipogoma, askari walitumwa tena.

Kisha njia zikabadilika. Mwaka 1946 mkoloni aliruhusu Waafrika kuwa na sendika, lakini chini ya macho ya wakubwa wa serikali. Baada ya uhuru, mwaka 1967, sendika zote ziliunganishwa kuwa moja, ile tuliyokuja kuiita UNTZA, ikawa karibu sana na chama cha Mobutu. Hakuna haja ya risasi kama sendika yenyewe inakaa mezani pamoja na mkubwa. Ilibidi tungojee aprili 1990 ili sendika nyingi ziruhusiwe tena.

Na leo? Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2006 kinatambua haki ya mgomo. Ni kitu kikubwa. Lakini kinaendelea kusema kwamba sheria inaweza kuikataza ao kuipunguza katika ulinzi, usalama, na kila kazi ao huduma ya umma yenye umuhimu mkubwa kwa maisha ya taifa. Haya maneno ya mwisho ni mlango mpana. Shule inaingia humo? Chuo kikuu? Mgodi? Anayetaka anaweza kuingiza chochote.

Najua mtaniambia: na mgonjwa hospitalini? Mna haki. Mimi pia nilikaa miezi nyumbani juu ya mgomo wa maprofesa, najua hasira ya mwanafunzi anayeona mwaka unapotea. Lakini mgonjwa na mwanafunzi hawako kwenye mizani moja. Wataalamu wa Shirika la Kazi la Kimataifa wanapima hivi: huduma ya lazima ni ile ambayo ikisimama, maisha, usalama ao afya ya watu inakuwa hatarini. Hospitali, maji na umeme vinaingia. Elimu haiingii. Tena wanasema kwamba uamuzi wa kutangaza mgomo haufuati sheria usiwe wa serikali, uwe wa chombo huru. Congo ilikubali Mkataba namba 87 wa uhuru wa sendika mwaka 2001, kwa hiyo haya maneno hayako ya wageni kwetu.

Njo maana naunga mkono sheria ya kazi irekebishwe kwa mambo matatu. Kwanza, huduma za lazima ziandikwe moja moja kwa majina. Pili, anayeweza kusimamisha mgomo awe hakimu, asiwe waziri, zaidi sana pale serikali yenyewe ndiyo inayodaiwa mshahara. Tatu, anayekatazwa kugoma apewe mwamuzi wa katikati na muda uliowekwa, madai yake yasilale kwenye droo. Na hayo yaandikwe pia katika sheria ya watumishi wa serikali, maana Kodi ya Kazi ya 2002 haiwahusu, na wengi wetu humo ndimo tunatafuta kazi.

Kumaliza mgomo ni rahisi kwa mwenye nguvu. Deni ndilo linabaki. Kesho wewe utakuwa daktari, mwalimu ao injinia wa mgodi. Ungetaka nani aamue?

Leteni mawazo yenu, lakini bila matusi.