Tindikali ya Ketoni

Miongoni mwa istilahi za uuguzi wa wagonjwa mahututi, ketoasidosisi ya kisukari ni ile ambayo wauguzi wa Kenya huifupisha kwa herufi tatu, D, K na A, na ambayo jamaa wa mgonjwa, wakingojea habari nje ya wodi, hufasiriwa kwa maneno mawili tu: sukari imepanda. Maneno hayo si ya uongo, ila yameliacha nje jambo lenyewe linaloua, na tafsiri iachayo jambo hilo yaweza kuupoteza hata mkono wa muuguzi.

Mwili wa mwenye kisukari ukosapo insulini, sukari hubaki katika damu isiingie katika seli, na ini, kana kwamba mtu yu katika njaa, huyageuza mafuta kuwa ketoni, ambazo nyingi ni tindikali. Figo nazo humwaga sukari pamoja na maji na chumvi, hata mgonjwa akakauka, akashikwa na kiu isiyokatika, akatapika, tumbo likamsokota, na pumzi zake zikawa nzito na za haraka kwa namna aliyoieleza tabibu wa Kijerumani Adolf Kussmaul mwaka 1874; kwani mapafu hujitahidi kuipunguza tindikali kwa njia ya hewa. Kabla ya Januari 1922, insulini ilipotumiwa kumtibu binadamu mara ya kwanza huko Toronto, aliyefikia hali hiyo aghalabu hakupona.

Tuichukue Matete, kaskazini mwa Kakamega, katika nchi ya miwa, ambako homa na kutapika humpeleka mtu moja kwa moja kwenye fikira za malaria, na ambako pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, iliyo dalili ya ketoni, huweza kudhaniwa kuwa ni ya pombe ya busaa. Dhana hiyo hiyo ya ulevi humpata na mgonjwa wa kinyume chake, yule ambaye sukari yake imeshuka chini ya milimoli 4 kwa lita, akatoka jasho, akatetemeka, akasema ovyo. Huyu, akiwa na fahamu zake na akiweza kumeza, hupewa gramu 15 hadi 20 za sukari iliyokorogwa katika maji, kisha hupimwa tena baada ya dakika 15. Muwa haumfai, ijapokuwa uko tele shambani, kwa sababu utamu wake hautoki ila kwa kutafuna, na mtu aliyelegea taya huenda akapaliwa. Akiwa amezimia, hapewi kitu kinywani, bali glukosi ya mshipani. Na ikiwa alikuwa akimeza glibenklamidi, hawi wa kurudishwa nyumbani upesi, maana dawa hiyo hudumu mwilini na sukari huweza kushuka tena. Kwa hiyo sharti la kwanza, kabla ya shutuma yoyote ya pombe, ni tone la damu la kupima.

Lakini kipimo cha sukari peke yake hakitoshi. Wako wazee ambao sukari yao hupita milimoli 33, wakakauka vibaya mno, na tindikali isizidi sana. Na wako wengine, japo wachache, ambao sukari yao haikupanda sana ilhali ketoni zimefika milimoli 3 na zaidi, na pH ya damu imeshuka chini ya 7.3. Basi kama jina la maradhi ni kupanda kwa sukari, hao wa pili wataonekana hawana maradhi.

Taksiri ya jina hilo hudhihirika zaidi katika tiba. Mgonjwa huanza kwa maji ya chumvi ya mshipani, kwa wingi. Potasiamu hupimwa, na ikiwa chini ya milimoli 3.5 hujazwa kwanza, kwa kuwa insulini huisukuma ndani ya seli na moyo ukaweza kusimama. Kisha ndipo insulini huingizwa polepole, yuniti 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Baada ya saa kadhaa sukari hushuka chini ya milimoli 14, na hapo aliyefundishwa kwamba adui ni sukari huona kazi imekwisha, akafunga insulini, na tindikali ikarudi. Ilhali wajibu wake ulikuwa kuongeza glukosi katika maji na kuiacha insulini iendelee mpaka ketoni zitoweke.

Wako watakaopendelea kusema damu imechacha, na neno hilo ni letu na ni jepesi, lakini kilichochacha hutupwa, nalo lingewavunja moyo jamaa wa mgonjwa anayetibika. Tindikali nalo, likiachwa peke yake, humkumbusha msikilizaji maji ya betri yaunguzayo ngozi. Kwa hiyo naona tuseme tindikali ya ketoni, kwa kuwa sehemu ya kwanza yataja madhara na ya pili yataja asili yake. Na muuguzi wa Matete amwandikiapo mwenzake wa hospitali ya rufaa ya Kakamega kwamba sukari imeshuka ila tindikali ya ketoni ingalipo, mwenzake huyo atajua, pasi na kuuliza, kwamba insulini haijafika wakati wa kufungwa.